Kichaka chenye harufu ya lavenda jangwani Arizona: je, ni lavenda kweli, na kimekufa?

Mkazi wa Tucson:

Salamu wanajukwaa. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Tucson, Arizona, na nyuma ya nyumba ninayopanga lipo korongo la mchanga ambalo hupitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Kingoni mwake kuna vichaka vinavyonizidi kimo, vyenye majani ya kijivu, laini kama blanketi, na ukiyafikicha kiganjani yanatoa harufu ya lavenda. Majirani wanakiita lavenda ya jangwani.

Ninaomba kujua kama ni jamaa wa lavenda ile ya Ufaransa inayotiwa kwenye sabuni. Jambo jingine linanitia wasiwasi zaidi. Mwezi wa Septemba, baada ya mvua, majani yalikuwa mapana na ya kijani. Ukame ulipoingia, yaliyochipua yakawa madogo na meupe kana kwamba yamepakwa majivu. Kisha mwezi uliopita sakitu ilianguka usiku wa siku mbili mfululizo, na kichaka kilicho karibu na ukuta wangu kimekauka matawi yote ya juu. Nimeshauriwa niking'oe, lakini moyo unasita.

Mwalimu wa Mimea:

Usiking'oe, ndugu yangu.

Mmea huo kwa jina la kitaalamu ni Condea emoryi. Vitabu vya zamani vinauita Hyptis emoryi, jina ulilopewa na John Torrey, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwa heshima ya William Emory, mwanajeshi aliyeshiriki kupima mpaka wa Marekani na Meksiko baada ya vita vya 1846 hadi 1848. Ulihamishiwa jenasi (yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu) ya Condea mwaka 2012. Si lavenda, kwa maana lavenda zote ni za jenasi ya Lavandula, ambayo asili yake ni Ulimwengu wa Kale, yaani Afrika, Ulaya na Asia. Hata hivyo wote wawili wamo katika familia moja, tena katika tawi lilelile la familia hiyo pamoja na mrihani na kivumbasi chetu, kwa hiyo mfanano wa harufu usikushangaze. Shika kijiti kichanga ukizungushe kati ya vidole: utasikia kona nne, na majani yametoka mawili mawili yakitazamana.

Hiyo rangi ya majivu ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Si ngozi ya jani bali ni vinyweleo vyenye matawi, vilivyosongamana mpaka vinafunika kijani kilicho chini. Vinarudisha sehemu ya mwanga wa jua, na vinatuliza hewa iliyo karibu kabisa na jani ili upepo mkavu usichote unyevu kwa kasi. Maji yakiwapo, mmea huchipua majani makubwa yenye manyoya haba, kwa sababu faida ya kupata mwanga mwingi inazidi hasara ya maji. Ukame ukiingia, hutoa madogo yenye manyoya mazito, na ukizidi huyapukutisha. Ulichokiona tangu Septemba ni kichaka kikibadilisha vazi, wala si ugonjwa.

Baridi ni habari nyingine. Lavenda ya Ufaransa ilizaliwa milimani kandokando ya Mediterania na huvumilia jalidi; huu wa kwenu ni mtoto wa jangwa lenye joto, na jalidi huua matawi yake. Mara nyingi, hata hivyo, huchipua upya kutoka shinani. Kwaruza gome kwa ukucha, ukianzia juu na kushuka polepole; penye kijani chini ya gome bado pako hai. Usikate chochote mpaka hatari ya baridi ipite.

Mfuga Nyuki:

Naongeza machache juu ya maua. Ni madogo, ya rangi ya urujuani, na kila moja limekaa ndani ya kikombe chenye manyoya. Katika kundi hili la mimea mdomo wa chini wa ua huzishika stameni, yaani vijiti vyenye chavua, kama mtego. Nyuki akitua, mdomo hufyatuka na chavua inampiga tumboni. Nyuki huupenda sana mmea huu, na hata wale ndege wadogo wa Marekani wanaofyonza asali ya maua wakiwa wameelea hewani, wanaofanya kazi kama ya chozi wetu, huutembelea.

Binti wa Maskati:

Wanaodhani lavenda halisi haiwezi jangwa watazame huku Omani. Tunayo Lavandula dhofarensis, iliyopewa jina la Dhofar, eneo la kusini mwa nchi, na vilevile Lavandula subnuda katika milima ya kaskazini, ambayo jina lake lina maana ya karibu uchi, kwani majani yake ni machache na shina linabaki wazi. Mmea wa Arizona huyavika majani yake manyoya. Huu wetu umeyapunguza majani yenyewe.

Mkazi wa Tucson:

Ahsanteni sana, na Mwalimu shikamoo. Leo asubuhi nimekwaruza kama ulivyoelekeza. Matawi ya juu ni kahawia mpaka ndani, makavu, yanavunjika kwa sauti. Nilipofika kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, chini ya gome nikakuta kijani kibichi chenye unyevu, na kidole kikabaki na harufu ile ile. Nimeuacha msumeno stoo.