RAM inafeli ikipata moto, walioniuzia wanaipima ikiwa baridi halafu wananiambia haina tatizo. Nimechoka!

Wakuu, nimerudishiwa RAM zangu tena, na karatasi iliyokuja nazo imeandikwa "imepimwa, haina tatizo". Haina tatizo vipi wakati mashine inanipiga skrini ya bluu katikati ya mechi, inaniharibia mafaili, na mimi mwenyewe nimeshajua ni stiki ipi, nikapiga picha za hitilafu, nikawaandikia mpaka nyuzi joto inayoanzia kufeli? Hakuna hata mmoja aliyesoma. Nina hasira na leo nayamwaga yote hapa, uzi ni mrefu mnisamehe.

Kwa ambao hawajui nilichofanya: nilibadilisha karibu kila kitu kwa mpigo, bodi, prosesa, kadi ya grafiki, pawa saplai na RAM ya DDR5 (kizazi kipya cha RAM) ya spidi 6000, stiki mbili za GB 16. Cha zamani ni kesi, SSD na feni za kesi basi. Mwanzoni mambo yalikuwa safi, gemu zinateleza, halafu ikaanza. Na ubaya wa ugonjwa wa namna hii hauna ratiba, leo unacheza jioni nzima wala hakuna kitu, kesho unafungua gemu ile ile nusu saa haijaisha mashine imekufa, ukiiwasha inakuwa nzima kabisa utadhani umeota.

Kodi zinazotokea kwenye skrini ya bluu nazo hazifanani. Mara MEMORY_MANAGEMENT, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, siku nyingine hakuna bluu yoyote gemu inajifunga tu inakurudisha desktopu, siku nyingine nimeshafunga gemu nimekaa zangu nasoma habari, tabu za brauza zinaanza kufa moja moja. Kuna siku ikatoka VIDEO_TDR_FAILURE, ile ambayo Windows inaitoa kadi ya grafiki ikikaa sekunde 2 bila kujibu na ikishindwa kuiamsha, basi kuanzia hapo kila niliyemweleza akawa ameshahukumu, kadi hiyo, rudisha kadi. Kodi zikiwa zinabadilika badilika hivi kitu cha kwanza kushuku ni memori, maana kila programu inakaa ndani ya RAM, biti moja ikigeuka anayekufa ni yule aliyekuwa amekalia hapo, leo draiva ya grafiki, kesho brauza, keshokutwa Windows yenyewe. Ukimkamata yule aliyekufa kila siku utakuwa unakamata mtu tofauti.

Halafu hii Kernel-Power 41, jamani. Kila mtu anafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, anaona 41 imewaka nyekundu, anakwambia pawa saplai hiyo. Ile 41 inasema kitu kimoja tu, kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri kabla. Basi. Ukichomoa waya ukutani utaipata, ukishikilia batani ya kuzima utaipata, prosesa ikigoma utaipata. Haikuambii nani kaua. Nilipima hata hivyo, laini ya volti 12 ilikuwa imetulia chini ya mzigo wote, kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini yaani 11.4 mpaka 12.6 na yangu haikusogelea kingo zote mbili, na kadi nimeipa nyaya mbili zinazojitegemea toka kwenye pawa saplai, siyo ule mmoja wenye vichwa viwili. Kwa hiyo hiyo pawa saplai muiache.

Na hii "piga Windows upya" ndo inaniuma kuliko zote. Huduma kwa wateja jibu la kwanza ni hilo, la pili ni apudeti BIOS, la tatu ni futa draiva uweke upya, na ukimaliza yote wanakuuliza tena kama umepiga Windows upya! Nilifanya yote. Windows mpya, BIOS mpya, draiva nimezifuta na DDU, programu ya kufuta draiva, kwenye sefu modi. Bluu ilirudi pale pale. Mtu unapoteza mipangilio yako yote, unadaunlodi upya gemu za mamia ya GB, kwa sababu tu aliyekujibu hataki kukiri kwamba kitu alichouza kinaweza kuwa kibovu.

Sasa nielezee nilivyoikamata, maana hapa ndo penye ushahidi na ndo walipopapuuza.

MemTest86, programu ya kupima RAM, niliiacha ikapita usiku kucha, hakuna hitilafu hata moja. Hapo wengi wangesema RAM nzima, tuendelee na mengine. Lakini MemTest86 inawaka kutoka kwenye flashi nje ya Windows, kadi ya grafiki iko kimya haina kazi, haitoi joto, hewa ndani ya kesi ni baridi. Kwenye gemu ni hali nyingine kabisa. Kadi za siku hizi nyingi feni yake moja inapitisha hewa moja kwa moja kwenye mapezi mpaka juu ya kadi, na pale juu nani yuko? Stiki za RAM. Stiki za DDR5 zina kihisi joto chao ndani, ukifungua HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya mashine, unakiona kila stiki na namba yake. Kwenye MemTest zilikuwa nyuzi 40 na kitu. Kwenye gemu zikawa zinapanda taratibu mpaka zinavuka 60, na bluu zote nilizofanikiwa kuzinasa kwenye logi zilitokea huko juu, hakuna hata moja iliyotokea RAM ikiwa imepoa.

Nikabandika selotepu kwenye kila stiki nikaandika 1 na 2. Stiki 1 peke yake kwenye sloti A2, gemu nzito mpaka ikapata moto, majaribio ya OCCT (programu ya kuibana mashine) ya memori na ya kadi yakaenda pamoja, safi kabisa. Stiki 2 peke yake sloti ile ile, mipangilio ile ile, joto lile lile, hitilafu zikamwagika. Nikaihamishia B2, ikafeli vilevile. Nikairudisha stiki 1 kwenye B2, nzima. Kwa hiyo siyo sloti, siyo bodi, siyo prosesa, tatizo linatembea na stiki 2 popote inapokwenda.

Na kilichonimalizia mashaka ni hiki. Nilicheza na stiki 2 mpaka ikafika 60 na kitu, nikarestati haraka haraka moja kwa moja kwenye MemTest86 kabla haijapoa. Dakika za mwanzo tu mistari myekundu ikaanza kushuka, na ukiangalia thamani iliyotakiwa na iliyosomwa zinapishana biti moja, na ni biti ile ile kila mstari. Halafu kadiri stiki inavyopoa ile mistari ikawa inakuja kwa kuachana, kisha ikakoma. Jaribio likaendelea mpaka mwisho bila hitilafu nyingine. Nimekaa pale naangalia kitu kibovu kinageuka kuwa kizima mbele ya macho yangu kwa kupoa tu. Picha ninazo zote, zina saa.

Hizo picha niliwatumia. Wao wakaichukua RAM, wakaichomeka kwenye bodi iliyo wazi mezani, haina kesi, haina kadi ya grafiki inayopuliza moto chini yake, wakapima muda mfupi, wakaandika haina tatizo. Ni sawa na mgonjwa ambaye homa inampanda usiku halafu daktari anampima asubuhi na kumwambia nenda nyumbani. Nilikuwa nimewaandikia kwa herufi kubwa IPIMENI IKIWA NA JOTO, fungeni kwenye kesi, wekeni kadi, au hata punguzeni tu feni. Hakuna aliyejisumbua.

Nilipowabana wakaleta lingine, eti 6000 ni ovakloki, XMP haimo kwenye waranti, tumia 4800. Hapa ndo nilitaka kupasuka. Boksi limeandikwa 6000 kwa maandishi makubwa kuliko jina la RAM yenyewe! Bei niliyolipa ni ya 6000. Ni kweli XMP kwa Intel na EXPO kwa AMD ni profaili za kupandisha spidi na voltiji juu ya kiwango cha kawaida, DDR5 nyingi ukizichomeka bila kugusa kitu zinawaka 4800 kwa volti 1.1 na hizi za 6000 mara nyingi zinaomba 1.35, hilo nalijua. Na nikubali pia kwamba siyo kila prosesa itabeba kila profaili. Lakini huwezi kumuuzia mtu spidi kwenye boksi kisha akilalamika umwambie hukumuuzia spidi. Na hata hiyo hoja yao haisimami, kwa sababu niliishusha stiki 2 mpaka 4800 na 1.1, ikachelewa kidogo, ikafeli. Stiki 1 kwa 6000 haifeli. Na viwango vya JEDEC, wale wanaopanga viwango vya memori, vinaruhusu chipu za memori kufanya kazi kawaida mpaka nyuzi 85, mimi niko 60 na kitu. Sijaichoma.

Kuna waliosema DDR5 ina ECC, yaani urekebishaji wa makosa ya memori, ndani yake haiwezi kukosea. Hapana jamani. Ile inarekebisha makosa yaliyo ndani ya chipu yenyewe, biti ikiharibika njiani kati ya stiki na prosesa haimuoni mtu. ECC kamili ya sava ni kitu kingine. Linus Torvalds mwenye Linux aliishambulia Intel waziwazi mwanzoni mwa 2021 kwa kuifanya ECC isipatikane kwenye mashine za kawaida, na mimi baada ya haya niko upande wake moja kwa moja. Kwa sababu msidhani hii ni ishu ya gemu tu. RAM mbovu inaandika uchafu kwenye SSD kimya kimya. Faili za zip zimegoma kufunguka, gemu ukiicheki inakwambia mafaili yameharibika inayadaunlodi upya, na kuna picha zangu za familia nusu yake chini imekuwa mistari ya kijivu. Gemu nitaipata tena. Picha zile sizipati.

Na wasiseme ni mimi tu. Waliotengeneza Guild Wars, gemu ya 2005, walipochoshwa na ripoti za krashi zisizoeleweka waliweka jaribio la memori na prosesa ndani ya gemu lenyewe, wakakuta karibu asilimia 1 ya mashine za wachezaji zinashindwa. Halafu hizi prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, watu walikuwa wanaambiwa na gemu kwamba memori ya kadi ya grafiki imeisha, wakahangaika na kadi na draiva, kumbe prosesa ndo inakufa kwa voltiji kubwa. Mpaka Agosti 2024 ndo ikatoka maikrokodi 0x129, yaani apudeti ya maelekezo ya ndani ya prosesa, na waranti ikaongezwa toka miaka 3 hadi 5. Hao nao kabla ya hapo walihangaika bure kama mimi.

Kwa hiyo msimamo wangu. RAM inarudi kwao zote mbili kwa sababu ni seti, ina selotepu, stiki 2 imezungushiwa wino mwekundu, na barua ya juu inasema mambo mawili tu: pimeni kwa 6000 mliyoandika kwenye boksi, na pimeni ikiwa imevuka nyuzi 60. Wakinirudishia tena na karatasi ya haina tatizo bila kuonyesha ilipimwa kwa joto gani na kwa muda gani, nadai hela yangu, sitaki badala, sitaki vocha.

Mwenye DDR5 anayekula bluu za kodi tofauti tofauti aweke hapa nyuzi joto za kila stiki wakati inafeli, spidi na voltiji aliyoweka, na kama hitilafu inahama na stiki au inabaki kwenye sloti. Tuzikusanye sehemu moja. Na tafadhali sana, asije mtu kuniandikia nifomati.