Leseni ya umeme daraja C inakaribia kuisha: nisome nini kabla ya kuhuisha?

Fundi_Temeke

Habari za humu wakuu. Leseni yangu ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya kufunga umeme, daraja C, inakaribia kuisha na nataka kuanza mapema. Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema bila vyeti vya mafunzo ya kila mwaka hupati kitu, mwingine anasema hayo ni ya wahandisi tu, mwingine kanitumia ukurasa unaosema ni saa nne kwa mwaka. Naomba kujuzwa mawili: nani hasa anadai mafunzo endelevu na kwa nani? Na nikiwa na uwezo wa kozi moja fupi hapa Dar, nisome nini? Kazi zangu ni nyumba za kuishi na fremu za maduka, Mbagala mpaka Kigamboni, na wateja wa sola na inveta wanaongezeka.

Kalamu_na_Mega

Mkuu, saa nne ni za Texas. Huko fundi mwenye leseni ya jimbo husoma saa nne kila anapohuisha: kitabu cha kanuni zao, NEC, ambacho hutoka upya kila miaka mitatu, pamoja na sheria za jimbo na usalama kazini. Kwa leseni ya EWURA hazina kazi. Usilipie kozi ya mtandaoni ya Kimarekani ukidhani itakubeba. Hata soketi zao ni za volti 120 na hezi 60, sisi 230 na 50.

Hapa kwetu kuna milango mitatu, na watu wanaichanganya kila siku. EWURA inakupa leseni ya kufunga umeme chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, na maombi yanapita kwenye mfumo wao wa mtandaoni, LOIS. CRB, bodi ya makandarasi, inasajili kampuni kama mkandarasi, inatoza ada ya kila mwaka na inaendesha kozi fupi za makandarasi. ERB, bodi ya wahandisi, inasajili wahandisi, na huko ndiko mafunzo endelevu yanakohesabiwa kwa mtu mmoja mmoja. Kama kampuni yako imemweka mhandisi aliyesajiliwa, kumbukumbu za ERB ni jukumu lake yeye, lakini zikilegea kazi inayosimama ni yako. Muulize leo.

Kwa upande wa leseni, ingia LOIS, anza ombi la kuhuisha, na ufuate orodha ya viambatisho inayotokea hapo. Orodha inayozunguka WhatsApp achana nayo. Hakikisha majina yamefanana herufi kwa herufi kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha VETA na leseni ya zamani. Kama cheti kina majina mawili na NIDA ina matatu, andaa kiapo kabla hujawasilisha.

Na kwa kila kazi weka faili: mchoro, karatasi ya vipimo, picha ya DB (boksi la breka) ikiwa wazi. Siku ukiulizwa umefanya nini tangu leseni iliyopita, hilo faili linajibu kuliko maelezo.

Saketi_Ubungo

Swali la pili ndilo zito. Kozi fupi zipo VETA Chang'ombe na chuo cha teknolojia DIT pale mjini, ila kabla ya kulipa uliza kitu kimoja: tutashika mita? Kama ni slaidi na cheti tu, tafuta nyingine. Mafundi wengi wanajua kufunga, kupima ndiko kunakopwaya.

Anza na ethi. Chukua nyumba yenye nondo yake ya ethi, umepima ukapata ohm 20, ukaridhika. Fezi ikigusa bodi ya hita, volti 230 gawa kwa 20 ni ampea 11.5. Breka ya ampea 32 aina ya B inahitaji ampea 160 ili ikate papo hapo. Kwa 11.5 haitakata kamwe, na bodi ya hita inabaki na umeme mpaka mtu aishike. Ili breka hiyo ikate peke yake ungehitaji njia nzima ya hitilafu isizidi kama ohm 1.4, na kwenye mchanga wa Kigamboni, hasa kiangazi, hiyo huipati kwa nondo moja wala tatu. Ndiyo maana RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ethi) ya miliampea 30 si pambo. Kihesabu, kwa kikomo cha volti 50 gawa kwa ampea 0.03, ingetosheka hata na ohm 1,667, lakini ikizidi 200 usiiamini, maana udongo ukikauka inapanda tu. Ongeza nondo, na iachane na ya kwanza angalau kwa urefu wake.

Insulesheni: zima mainswichi, toa balbu, chomoa kila kifaa, tenga dima na kinga ya radi iliyo ndani ya DB. Swichi za taa ziache zimewashwa, la sivyo waya unaotoka swichi kwenda kwenye taa hujaupima. Funga fezi na nyutro pamoja, pima kwenda ethi kwa volti 500 DC. Kiwango cha chini ni megaohm 1, ila nyumba mpya ikisoma 2 usifurahi. Inatakiwa isome mamia. Mara nyingi tatizo ni boksi la taa ya nje lililoingia maji, au waya uliochubuliwa ukivutwa kwenye bomba lenye kona nyingi.

RCD yenyewe: BS 7671, kanuni za Uingereza za ufungaji umeme, kwa marekebisho ya 2022 inataka kipimo kimoja tu kwa kiwango cha RCD (hapa miliampea 30), na ikate ndani ya milisekunde 300. Kile cha mara tano ya kiwango na milisekunde 40 hakidaiwi tena. Halafu soma kilichoandikwa usoni mwake. Aina ya AC imebanwa kwenye vifaa vya kudumu ambavyo havitoi DC yoyote. Kwa soketi za friji za inveta na mashine za kufulia weka aina A.

Fundi_Temeke

Asante sana wakuu. Nyaya je? Kariakoo roli za waya wa 2.5 (milimita za mraba) zina bei za kila namna na zote zimeandikwa shaba.

Saketi_Ubungo

Kabla hujakata roli, pima ncha kwa ncha kwa mita ya ohm ndogo, ukiwa umeondoa ohm za nyaya za mita yenyewe. Shaba halisi ya 2.5, mita 100, ni ohm 0.74 kwa nyuzi 20. Kwa joto la Dar tegemea 0.77 hivi. Ikisoma 1 na kitu, ama ni alumini iliyopakwa shaba, ama waya ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Kwangua kwa kisu: rangi ya fedha ikitokea chini, rudisha.

Jua_Kali_DC

Niongeze la sola, maana ndiko vifo vitakapotokea tusipojifunza.

Umeme wa mtandao ukikatika, inveta inajitenga na nyutro ya TANESCO. Kama inveta haiunganishi nyutro na ethi yenyewe inapofanya kazi na betri, RCD ya nyumba haina njia ya kurudishia hitilafu na haitakata. Jaribu hivi: zima umeme wa TANESCO, iache inveta ibebe, kisha pima RCD kwa mita. Kitufe chake hakitoshi, kinaweza kukata hata pale ambapo hitilafu ya kweli isingekata. Kama haikati, soma kitabu cha inveta kuhusu muunganisho huo, na usiweke wa kudumu upande wa mzigo, kwa sababu umeme ukirudi utakuwa na nyutro na ethi zilizoshikana mahali ambapo hazitakiwi.

Upande wa paneli, breka ya AC usiitumie. DC haipiti sifuri kama AC, cheche haizimiki na breka inaungua. Tumia iliyoandikwa DC kwa volti za mstari mzima, na angalia alama za + na −, maana nyingine zina upande.

Na rangi. Kwenye umeme wa njia tatu (fezi tatu) wa rangi za zamani, bluu ni fezi na nyeusi ni nyutro. Kwenye rangi mpya, ambazo Uingereza iliziingiza 2004 na kuzifanya za lazima 2006, bluu ni nyutro na nyeusi ni fezi. Fremu za Kariakoo na Ilala zilizoongezwa ongezwa zina zote mbili ndani ya boksi moja. Pima kila waya kabla ya kuunga, kisha weka lebo L1, L2, L3 na N pale rangi zinapokutana.