Naomba ushauri: mwanafunzi ameniuliza nchi ikimezwa na bahari inakuwaje, nikamjibu vibaya

MwalimuRamani

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia sekondari, kidato cha pili, na kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Nilikuwa kwenye mada ya mabadiliko ya tabianchi. Nikachora ubaoni visiwa vya Tuvalu, Kiribati na Maldivi, nikaandika kimo chake kutoka usawa wa bahari, nikasema nchi hizi zitazama. Zimebaki dakika tatu kengele ilie, binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mwaka mzima hajawahi kunyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, nchi ikizama, watu wake wanakuwa raia wa wapi? Na bendera yao inashushwa?" Nikamjibu mbio mbio: "Watahamia Australia, watakuwa Waaustralia." Akaliandika jibu langu daftarini, akachukua rula, akalipigia mstari.

Ule mstari ndio unaoninyima usingizi. Nimemwandikisha kitu nilichokiokota hewani. Ijumaa nina vipindi viwili mfululizo na darasa lile lile. Nianzie wapi kurekebisha? Na watoto wa miaka 14 na 15 naambianaje nao habari hizi bila kuwatisha wala kuwadanganya?

Fundi_Visima

Mwalimu, pole. Mimi kazi yangu ni kuchimba visima, kwa hiyo nitasema ninachokielewa. Somo lako limepinda kwenye neno "kuzama". Mtoto akilisikia anaona meli: leo ipo juu, kesho haipo. Visiwa hivi haviendi hivyo. Kinachoanza kuondoka ni maji ya kunywa.

Kisiwa cha atoli ni lundo la mchanga na vipande vya matumbawe juu ya mwamba wa matumbawe. Hakina mto wala mlima. Mvua ikinyesha, maji yanapenya chini na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kwa hesabu za vitabuni, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba mita kama 40 chini yake. Kwenye kisiwa chembamba, ambacho ukirusha jiwe linavuka upande wa pili, unapata tabaka jembamba tu. Bahari ikiinuka kidogo, au wimbi likavuka kisiwa mara moja, tabaka lile linaingia chumvi, na huenda ikachukua miezi au miaka ya mvua kulisafisha.

Kuna kitu kimoja ningependa wanafunzi wako wakione kwa macho ya akili. Funafuti, makao makuu ya Tuvalu, bamvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka zikifika, maji hayaji kutoka ufukweni peke yake. Yanachimbuka ardhini, katikati ya kisiwa, yakitoka kwenye matundu ya matumbawe kama maji yanayoanza kuchemka sufuriani. Hapo ukuta wa baharini unasaidia nini? Umeziba mlango, maji yametokea sakafuni. Watu wa kule walikuwa wakilima magimbi makubwa, wenyewe wanayaita pulaka, kwenye mashimo yaliyochimbwa mpaka kuyafikia maji matamu. Mashimo mengi yameingia chumvi na magimbi yakaoza mizizi. Mwaka 2011 ukame ulipowapiga, Tuvalu ilitangaza hali ya hatari kwa sababu matangi ya maji ya mvua yalikuwa yanakauka, na visima vya kukimbilia havikuwepo.

Kwa hiyo Ijumaa anza na kisima. Chukua beseni la kioo au la plastiki linaloonyesha ndani, jaza mchanga safi, inua kilima kidogo katikati. Mimina pembeni maji ya chumvi uliyoyatia rangi mpaka yafike nusu. Juu ya kilima nyunyizia maji matamu taratibu, kama mvua. Chimba kishimo cha kidole katikati, waonje. Kisha ongeza maji ya chumvi, subiri, waonje tena. Kilima bado kitakuwa kimesimama.

Mdadisi_Asiyelala

Naheshimu aliyotangulia kusema fundi, ila mwalimu awe mwangalifu na upande wa pili pia. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliolinganisha picha za angani na za setilaiti za visiwa 101 vya Tuvalu, kati ya 1971 na 2014. Jumla ya eneo la ardhi iliongezeka kwa asilimia 2.9, wakati bahari ya eneo lile inapanda. Mawimbi yanavunja matumbawe na kuyarundika ufukweni. Visiwa vingine vilipungua, vingi vilikua. Sasa ukimwambia mtoto "vinazama", kesho akikutana na utafiti huo ataona na mengine yote uliyomfundisha ni uongo.

Fundi_Visima

Mdadisi, umesema kweli, na ndiyo maana nalikataa lile neno. Lakini angalia mambo mawili. Ardhi kuongezeka hakumpi mtu maji ya kunywa, kisiwa kinaweza kunenepa huku kisima chake kinakufa. La pili, mchanga ule unatoka kwenye matumbawe yaliyo hai. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2018 kwamba joto la dunia likifika nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya viwanda, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na likifika nyuzi 2 yatatoweka zaidi ya asilimia 99. Kiwanda cha mchanga kikifungwa, nani atajenga kisiwa?

Hesabu_Kwanza

Takwimu za ubaoni, mwalimu. Kati ya 1901 na 2018 bahari ilipanda wastani wa sentimita 20. Kasi ya 2006 hadi 2018 ni milimita 3.7 kwa mwaka, na inaongezeka. Kufikia 2100, kwa kulinganisha na 1995 hadi 2014, makadirio ni kati ya sentimita 28 na 55 kama hewa ukaa itapunguzwa haraka sana, na sentimita 63 hadi 101 kama itaachwa ipande. Sababu kubwa ni maji kutanuka yakipata joto, barafu za milimani, na barafu za Greenland na Antaktika. Barafu inayoelea baharini ikiyeyuka haipandishi maji kwa kiasi cha maana. Wanafunzi wengi hukosea hapo kwenye mtihani.

Wakili_wa_Pwani

Mwalimu, yule binti ameuliza swali ambalo majaji wamelikalia vikao. Mpongeze mbele ya darasa.

Jibu lako lina makosa mawili. Kosa la kwanza ni uraia. Tuvalu na Australia walitia saini Mkataba wa Falepili Novemba 2023, ukaanza kutumika Agosti 2024. Unawapa Watuvalu hadi 280 kwa mwaka, kwa bahati nasibu, haki ya kuishi, kusoma na kufanya kazi Australia kwa kudumu, na wanaweza kwenda na kurudi watakavyo. Hauwavui uraia wao. Wapigishe wanafunzi hesabu: nchi ina watu kama 11,000, kwa 280 kwa mwaka ni karibu miaka 40, tena ukisahau watoto watakaozaliwa. Bahati nasibu ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 2025 walijiandikisha zaidi ya 8,000, wakihesabiwa na familia zao.

Kosa la pili ni kudhani dola, yaani nchi huru yenyewe, inakufa pamoja na ardhi. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja sifa nne za dola: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Wanasheria wengi walikuwa wakiusoma kama orodha ya ukaguzi, ukikosa kimoja umekwisha. Ila sifa zile ni za dola kuzaliwa. Mwaka 2023 Tuvalu iliandika katika katiba yake kwamba dola yake itadumu hata ikipoteza ardhi. Mwaka huo huo viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki wakatamka vivyo hivyo. Kisha tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya ushauri, ikasema kwamba dola ikishasimama, kutoweka kwa mojawapo ya sifa zake si lazima kuiondolee udola. Ikasema pia kwamba nchi hazilazimiki kuchora upya mipaka yao ya baharini kwa sababu ufukwe umerudi nyuma.

Hilo la mipaka ya bahari usilipitie haraka, ndipo ilipo riziki yao. Kiribati ina ardhi ya kilomita za mraba 811 tu, lakini ukanda wake wa kiuchumi baharini, wa maili 200 za baharini kuzunguka kila kisiwa, unafika karibu kilomita za mraba milioni 3.5. Leseni za kuvua jodari humo ndizo zinazoilisha serikali. Kama kila kisiwa kikitoweka mpaka ungesogea, meli za mataifa makubwa zingeingia bure kwenye bahari iliyokuwa ya Wakiribati. Binti akiuliza tena kuhusu bendera, mwambie bendera ile inapepea juu ya bahari kubwa kuliko nchi nyingi za dunia.

Na waambie kesi ile ilianzia darasani. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, walio Vanuatu, waliamua kuwashawishi viongozi wao walifikishe suala hili mahakamani. Serikali ya Vanuatu ikalibeba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha Machi 2023.

MamaWaTatu

Mwanangu mwalimu, mimi nimefundisha miaka 31, nimestaafu. Wenzangu wamekupa maarifa, mimi nakuambia namna ya kuingia darasani. Ingia, simama, mwambie yule binti kwa jina lake: "Jibu langu la Jumanne halikuwa sahihi, likate, leo tutalitafuta pamoja." Usilizungushe. Mtoto aliyepiga mstari kwa rula amekuamini, na utamfundisha mengi kwa maneno hayo kabla hata hujafungua kitabu.

Kuhusu kuwatisha. Najua utatamani kuonyesha ile picha ya waziri wa Tuvalu, Simon Kofe, akihutubia mkutano wa tabianchi wa 2021 akiwa amesimama baharini, maji yakimfika mapajani. Nzuri, ionyeshe, lakini usiishie hapo. Ukiishia hapo watoto watabaki na huruma tu, na huruma peke yake inamfanya mwenzako aonekane hana akili wala mikono. Waonyeshe na walichofanya. Funafuti wamefukia bahari na kupata hekta kama 7 za ardhi mpya iliyoinuliwa. Maldivi wamejenga Hulhumalé, kisiwa kizima, kwa mchanga ulionyonywa chini ya bahari, na makumi ya maelfu ya watu wanaishi humo.

Na kuhama kwenyewe hawakukuanza leo. Watu wa Vaitupu, kisiwa kimojawapo cha Tuvalu, walinunua kisiwa cha Kioa huko Fiji mwaka 1946, na uzao wao uko huko mpaka sasa. Lakini waliondoka kwa hiari, na Vaitupu yenyewe ilibaki nyuma yao. Wakati huo huo Wabanaba, watu wa kisiwa cha Banaba ambacho leo ni sehemu ya Kiribati, walipelekwa kisiwa cha Rabi, Fiji hiyo hiyo, mwaka 1945, baada ya kisiwa chao kuchimbuliwa fosfeti na wageni. Weka hizo hadithi mbili pamoja ubaoni, uwaulize watoto tofauti iko wapi. Anote Tong, aliyekuwa Rais wa Kiribati, alipokuwa akisema "kuhama kwa heshima", na nchi yake ikanunua ardhi Fiji mwaka 2014, alikuwa anaizungumzia tofauti hiyo.

Mdadisi_Asiyelala

Mama umenena. Naongeza moja: mwalimu asiuseme Mkataba wa Falepili kama sadaka. Tuvalu imekubali kwamba kabla ya kuingia makubaliano ya ulinzi na usalama na nchi nyingine, lazima iafikiane na Australia. Wapo Watuvalu waliolalamika kwamba bei hiyo ni kubwa kwa nchi ambayo moshi wake haufiki hata sehemu ndogo ya asilimia moja ya moshi wa dunia. Wanafunzi wapime wenyewe.

MwalimuRamani

Wakuu, narudi na mrejesho. Ijumaa nilianza kama Mama alivyoniagiza. Binti akakata mstari kwa rula ile ile, akaacha nafasi chini yake.

Beseni lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja alionja mara ya kwanza akasema maji ni ya kawaida. Nikaongeza maji ya chumvi kiasi cha vidole viwili, tukasubiri. Mara ya pili akatema, akakitazama kilima cha mchanga, akasema, "Lakini kisiwa si bado kipo?" Sikuhitaji kueleza zaidi.

Kipindi cha pili niliandika 11,000 na 280 ubaoni nikawaacha wabishane. Waligawanyika. Wengine wakasema wangejiandikisha siku ya kwanza. Wengine wakasema ukiondoka mwenye nguvu, nani atapanga foleni ya maji kwa ajili ya bibi? Binti wa dawati la nyuma alisema angemwandikisha mdogo wake akasome, yeye abaki mpaka arudi. Kisha akaniuliza kama mkataba unaruhusu mtu kurudi, nikamsomea alichoandika Wakili, kwenda na kurudi watakavyo. Hicho ndicho alichokiandika kwenye nafasi aliyoiacha.

Jumanne nawapelekea maoni ya ile mahakama, aya zile za udola na mipaka ya bahari. Wakili, kama unaweza kunisaidia kuziweka kwa Kiswahili cha kidato cha pili, nitashukuru sana.

Wakili_wa_Pwani

Nimeshaanza. Nitakutumia Jumapili jioni.