Tupeane uzoefu: kubandika vifaa vya bafuni bila kutoboa ukuta

Mpangaji wa Ngamiani
Wagosi, salaam. Nyumba nyingi za kupanga hapa Tanga mwenye nyumba hataki kusikia drili. Na hata akiruhusu, kutoboa marumaru bila kujua bomba limepita wapi ni kujitafutia mafuriko. Vibandiko vya gundi vimejaa madukani, ila malalamiko ni yaleyale: jioni umebandika, alfajiri kikapu cha sabuni kiko sakafuni. Wanaoijua kazi hii watueleze ukuta gani unakubali, unasafishwaje, ubebeshwe kilo ngapi, na siku ya kuhama kinabanduliwaje. Tuwekeeni vipimo kabisa.

Fundi Marumaru
Mgosi, anza na ukuta. Gundi inashika ngozi ya juu tu. Ngozi hiyo ikiwa dhaifu, itabanduka pamoja na gundi. Marumaru laini, kioo, chuma kisicho na kutu na mbao yenye vanishi vinakubali. Rangi ya mafuta iliyokauka sawasawa inabeba vitu vyepesi. Rangi ya maji ya bei nafuu juu ya lipu ni ya mashaka, na chokaa haifai kabisa. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka cheupe, usipoteze hela yako. Halafu dondoshea tone la maji. Likinyweka upesi, ujue ukuta una vitundu na unyevu utapita nyuma ya gundi. Rangi mpya isubiriwe angalau siku 7.

Kwenye marumaru, bamba lote (kile kipande cha nyuma chenye gundi) likae ndani ya kipande kimoja, mbali kidogo na ukingo. Likivuka mstari wa grauti (kijazio cha kati ya marumaru), ule mfereji ndio njia ya maji kuingia kwa nyuma, na hapo ndipo linapoanzia kuachia. Marumaru zenye vipele nazo ziacheni, kwani gundi inagusa vichwa vya vipele tu.

Dada wa Chumbageni
Kaka fundi kasema kweli, naongezea usafi, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Nyumba zinazotumia maji ya kisima, marumaru zina ukoga mweupe wa chumvi hata kama macho hayauoni. Gundi itaushika ukoga badala ya marumaru. Chukua siki nyeupe, changanya na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kiache ukutani dakika 10, sugua, suuza kwa maji mengi. Kama ni jiwe la marumaru halisi, siki isiguse, inalila.

Ukuta ukishakauka, futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, wanauza famasi. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi, futa mara mbili, acha ikauke yenyewe. Sabuni ya maji haifai hatua hii kwa sababu inaacha utando. Jeli ya kutakasia mikono nayo msiitumie: nyingi zina gliserini, na gliserini ni utelezi.

Halafu msibandike bafu likiwa bado na mvuke. Fanyeni mchana, dirisha wazi, kabla mtu hajaoga. Wakati wa masika ukuta unachelewa sana kukauka, basi lete feni.

Fundi Marumaru
Ahsante dada. Kubandika kwenyewe: bonyeza kwa kiganja sekunde 30 kila kipande, ukianzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Zile za kuvuta, yaani zenye ukanda wa gundi unaobanduka ukivutwa, kama Command za 3M, ndoano huchomolewa kwenye bamba kwanza, bamba libonyezwe peke yake, ndoano irudi, kisha usubiri saa 1. Zipo za kawaida na zipo za bafuni. Hakikisha pakiti imeandikwa ni za bafuni. Tepu nene ya akriliki, yenye gundi pande zote mbili, ni jambo jingine: inaendelea kushika polepole na hufikia nguvu kamili baada ya kama saa 72. Kwenye eneo la kuoga, mimi nasema siku 3 bila maji na bila mzigo.

Hesabu za Raskazone
Kuhusu uzito, namba ya kwenye pakiti ni ya kitu kilicholala ukutani. Rafu ni habari nyingine, kwa sababu mzigo wake umesogea mbele. Mfano: kilo 2, kitovu cha uzito kiko sentimita 10 kutoka ukutani, bamba lina kimo cha sentimita 5. Ukingo wa juu unavutwa nje kwa nguvu ya kilo 4 au zaidi (10 gawanya kwa 5, mara 2). Ndiyo maana rafu huanza kufunguka juu na si chini. Chagua rafu nyembamba yenye bamba refu, chupa nzito zikae nyuma. Lita 1 ya shampuu ni kama kilo 1, na taulo kubwa likilowa huongezeka uzito maradufu au zaidi. Pima vikiwa vimejaa na vimelowa, kisha tumia nusu tu ya uzito ulioandikwa.

Mkaazi wa Bagamoyo
Huku Mji Mkongwe kuna kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa. Hizo jamani msizibandike chochote, na msizipake rangi ya mafuta ili gundi ishike, maana unyevu unafungiwa ndani na lipu inavimba. Tumieni ndoano za herufi S kwenye nondo za dirisha, hanga za kupachika juu ya mlango, au fimbo ya kukaza kama kuna kuta mbili ngumu zinazotazamana.

Mpangaji wa Ngamiani
Nashukuruni sana wagosi. Na kubandua?

Fundi Marumaru
Zile za kuvuta, shika ulimi wa chini wa ukanda, vuta taratibu kwenda chini huku mkono umegusana na ukuta. Usiuvute kuja kwako, utakatika na kung'oa rangi. Endelea, unaweza kurefuka hata sentimita 30 kabla ya kuachia. Ukanda huo hautumiki tena, ndoano inatumika.

Tepu nene: pasha joto kwa draya ya nywele kama dakika 1, kisha pitisha uzi wa mshipi nyuma yake, ukiukokota kushoto na kulia kama msumeno. Mabaki yasugue kwa kidole gumba yajiviringe. Kwenye marumaru, yatakayobaki yalainishe kwa mafuta ya kula, yaache robo saa, osha kwa sabuni. Ukuta wa rangi usiutie mafuta, yataacha doa.