Naomba ushauri: kununua sanaa ya Waaborijini Darwin kwa saa chache

Wakuu, naombeni ushauri. Meli yetu ya kitalii itatia nanga Darwin, Australia, Jumamosi kwa saa sita tu. Nataka kumnunulia mama mchoro wa Waaborijini (wenyeji asilia wa Australia), na ninachoogopa ni kuuziwa bandia. Mwaka 2019 mahakama ya huko iliitoza kampuni moja faini ya dola za Australia milioni 2.3 kwa kuuza vitu vilivyotengenezwa Indonesia kana kwamba ni kazi ya mikono ya Waaborijini! Inaumiza sana.

Najua niulize jina la msanii na anakotoka. Je, niende soko la Parap au nyumba za sanaa mjini? Nataka hela imfikie msanii mwenyewe. Na mchoro wa turubai ukiviringishwa kama mkeka, rangi haipasuki?