Deiwaka wa Jumapili

Kikundi: Wajukuu wa Bibi Mbagala

Zai: Shikamooni wakubwa. Jamani natafuta kibarua cha Jumamosi na Jumapili. Stoo siachi, ila mshahara wenyewe tarehe 12 ushanikimbia.

Anti Tabata: Marahaba mwanangu.

Hamisi: Njoo ukumbini Sinza tubebe sahani. Shati jeupe, suruali nyeusi, raba hawataki. 20,000 mkononi usiku uleule.

Zai: Mnatoka saa ngapi?

Hamisi: Muziki unazimwa saa sita. Sahani sasa 😂

Zai: Na kurudi Mbagala?

Baba Mdogo: Hamisi jibu, nakuona uko hewani.

Hamisi: Boda 12,000. Juzi nililala kwenye viti vya ukumbi mpaka daladala la kwanza.

Zai: Kumbe nakesha kwa 8,000.

Anti Tabata: Na pilau. Huyu kila Jumapili anarudi na kopo la aiskrimu limejaa pilau, anadhani hatumuoni.

Hamisi: Anti jamani 🙈

Baba Mdogo: Halafu Februari hii 2026 Kwaresima na Ramadhani vinaingia wiki moja. Nani ataoa? Mpaka Pasaka kumbi watakaa popo.

Zai: Bajaji je? Leseni ninayo.

Baba Mdogo: Deiwaka wangu wa Jumapili, anayenishikia bajaji siku hiyo, karudi Tanga. Hesabu unaniletea 20,000 kwa siku, mafuta juu yako, kinachozidi chako. Asubuhi beba watu wa kanisani, mchana lala. Jioni kaa karibu na hospitali, saa ya kuona wagonjwa watu wanatoka na mabeseni na hotpoti, hawawezi kugombania daladala.

Zai: 20,000 kwa mtoto wa kaka yako?

Baba Mdogo: Ndiyo maana sijasema 25.

Anti Tabata: Zai, Jumamosi si huwa unaenda stoo wewe?

Zai: Mzigo ukiingia tu. Kama mara mbili kwa mwezi, hadi saa nane.

Anti Tabata: Na Jumatatu hadi Ijumaa?

Zai: Saa tisa za kazi kila siku.

Anti Tabata: Hizo tayari saa 45 kwa wiki. Sheria ya Ajira ya 2004 ndipo inapokomea. Jumamosi ni ovataimu, mara moja na nusu. Wanakulipa?

Zai: Wanatupa soda.

Baba Mdogo: Soda!

Zai: Na andazi.

Anti Tabata: Mwanangu, unatafuta kibarua cha Jumamosi na unacho, hulipwi tu. Andika tarehe zote ulizoitwa, chukua na nakala za daftari la mapokezi, lina saini yako na saa. Usiende kugomba. Peleka karatasi.

Hamisi: Akifukuzwa?

Anti Tabata: Ndiyo maana nimesema asigombe.

Zai: Daftari nalishika mimi. Kesho napiga picha. Baba Mdogo, Jumapili bajaji usimpe mtu.

Baba Mdogo: Saa kumi na moja alfajiri uwe hapa. Uje na 2,000 ya kuioshea.

Hamisi: Sasa Jumamosi naenda na nani? Viatu vya ziada ninavyo, namba 42.