Naomba ushauri: nijitoleeje kuwalinda ndege wa mlango wa mto Sabaki bila kugombana na jirani zangu?

Mwalimu wa Mambrui (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ninaishi Mambrui, upande wa kaskazini wa mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi katika pwani ya Kenya. Tangu utotoni nimewaona vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wakifika kwa makundi makubwa kuanzia Agosti na kutoweka masika yanapoanza, lakini ni mwaka jana tu nilipojifunza kwamba baadhi yao huzaliwa Siberia, na kwamba mafuta wanayojaza mwilini kwenye matope yetu ndiyo masurufu ya safari ya kurudi huko. Tangu siku hiyo siwezi kupita ufukweni nikatazama kwingine.

Jumapili iliyopita, kama saa 10 jioni, vijana wawili walipitisha pikipiki katikati ya kundi lililokuwa limetulia kwenye fungu la mchanga, wakageuka na kupita tena, huku mwenzao akipiga picha za ndege wakiruka. Niliwafokea mbele ya watu. Mmoja wao nilimfundisha darasa la nne. Walinijibu kwamba bahari ni pana na ndege wana mabawa, na mama mmoja ambaye riziki yake ni kuchimba chambo akaniuliza kama kesho nitamfukuza na yeye. Niliondoka kwa aibu, na ndege hawakutua tena pale hadi giza lilipoingia.

Nataka kujitolea kwa msimu mzima, si kwa siku moja. Sina mashua wala darubini, na nafasi yangu ni jioni na mwisho wa juma pekee. Nianzie wapi, na nizungumzeje na watu ambao nitaendelea kuishi nao?

Mvuvi Mstaafu, Ngomeni

Mwanangu mwalimu, Jumapili hiyo ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na jambo hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote. Katika pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, hujaa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Maji yakiwa yamekupwa ndege wametapakaa matopeni, kila mmoja na shughuli yake, na mtu akimshtua mmoja anasogea kidogo na kuendelea kula. Maji ya bamvua yakijaa, matope yote yamefunikwa na mafungu ya mchanga yamebaki vipande viwili au vitatu, na hapo ndipo wote wanapobanana kupumzika, katika saa ileile ambayo jua limepoa na watu wanashuka ufukweni kutembea, kucheza mpira na kuwafungulia mbwa. Kwa hiyo aliyekuambia bahari ni pana hakuijua saa aliyokuwa akiisema.

Usijibebeshe mzigo wa kulinda ufuko mzima kila siku. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kila mara kuna jioni nne au tano za hatari kabla maji hayajasogea hadi usiku. Jioni hizo ndizo zako. Fika saa nzima kabla ya maji kujaa, kabla ndege hawajatua na kabla watu hawajafika, kwa maana kumwomba mtu azunguke akiwa bado mbali ni rahisi kuliko kumkemea akiwa ameshapita.

Mhesabu Ndege, Mombasa

Dada mwalimu, nakubaliana na mzee kwa kila neno, na ninaongeza mambo mawili.

La kwanza ni mamlaka yako. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimfanyi mtu wa kujitolea kuwa askari. Ukimwona mtu anaokota mayai au anatega nyavu za ndege, andika saa na mahali, kisha uwaarifu KWS, shirika la serikali la wanyamapori, usimkamate wala kumfuata. Kwa wengine wote, yaani karibu watu wote utakaokutana nao, kazi yako ni kueleza.

La pili ni kujifunza kuwasoma ndege wenyewe, na hapa darubini si lazima mwanzoni. Ndege aliyetulia husimama kwa mguu mmoja na mdomo ameuficha mgongoni. Akianza kushtuka huutoa mdomo, huinua shingo, kisha huanza kutembea akikuacha nyuma, na ukiendelea kusogea ataruka na kundi lote litamfuata. Ukiona shingo zimeinuka, rudi nyuma. Kitwitwi wa Siberia ana uzito wa gramu 60 hivi, na kila mruko wa hofu unachoma akiba aliyoitafuta tangu asubuhi. Katika Machi na Aprili, wanapojiandaa kuondoka, hasara hiyo hawana muda wa kuifidia.

Andika daftari: tarehe, saa ya maji kujaa, idadi ya ndege kwa kukadiria, mara ngapi waliruka, na nini kiliwarusha. Nature Kenya, ambayo mizizi yake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1909, na A Rocha Kenya walioko Watamu, wote ni mashirika ya uhifadhi na wamezoea kufanya kazi na watu kama wewe, na hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari ni shule nzuri kuliko kitabu.

Nahodha wa Watamu

Mimi huchukua wageni kwa mashua. Buabua, ndege wa baharini, hutaga wakati wa pepo za kusi kwenye kile kisiwa cha mwamba ambacho wageni hukiita Whale Island, na mgeni akikiona hutaka kushuka. Wazazi wakiruka, yai hubaki juani, na kunguru hawahitaji muda mrefu. Nilipokuwa nikisema "hairuhusiwi", wageni walinuna. Sasa husimamisha mashua mbali, nikawaonyesha kundi likiwa limetulia, na kueleza kitakachotokea tukisogea, na sijapata mgeni aliyesisitiza. Huyo kijana mpiga picha alitaka picha nzuri. Mwonyeshe mahali pa kukaa ili ndege wamjie wenyewe maji yanapopanda, naye ataipata.

Kijana wa Dabaso

Mwalimu, mama yangu pia huchimba chambo, kwa hiyo niruhusu niseme wazi kwamba swali la yule mama ndilo zito kuliko yote, na wengine hapo juu wamelipita haraka. Watu wetu wameshawahi kuambiwa waondoke mahali kwa jina la uhifadhi, na wakimwona mtu na daftari wanakumbuka hayo. Nenda kwake nyumbani, umwombe radhi kwa kuwa alihisi anatishwa, kisha umuulize anachokijua. Mchimbaji huinama mahali pamoja kwa saa nyingi maji yakiwa yamekupwa, na nimeona vitwitwi wakila karibu naye bila wasiwasi. Mbwa anayekimbia huwarusha akiwa mbali sana. Na yule mama hayupo kwenye fungu saa ya bamvua kujaa. Mwambie hivyo waziwazi, kwamba humdai chochote.

Mwalimu wa Mambrui

Shikamoo mzee wa Ngomeni, na ninyi nyote ahsanteni. Kijana wa Dabaso, maneno yako yaliniuma, na leo baada ya vipindi nilikwenda kwa yule mama. Alinipokea, akaniambia kwamba ndege hupenda zaidi fungu la upande wa kusini kwa sababu upepo wa kaskazi hauwapigi sana pale, jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kuliona. Mwanafunzi wangu wa zamani nimemtumia ujumbe bila kumlaumu, nikamwalika aje na simu yake bamvua ijayo, saa 9 alasiri, bila pikipiki. Amejibu kwamba atakuja na mwenzake, na ameuliza kama wavae nguo za rangi gani.

Mhesabu Ndege, Mombasa

Za rangi ya mchanga au ya majani makavu, na wakae chini. Mtu aliyesimama huwatisha zaidi.